Kama ni makumbusho, sawa

Jumamosi moja niliweka picha nne kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wetu. Katika ile ya tatu, watoto wangu wawili wamesimama mbele ya sanamu kubwa ya mbao iliyokaa kwa kujinafasi, goti moja limepandishwa, mkono umeegeshwa juu yake, na nyuma yake ukuta mzima umejaa michoro. Haikupita dakika tano, shangazi akaandika kutoka Kilifi: "Mwanangu, ndio umewapeleka watoto hekaluni? Kwenye masanamu?" Nikamjibu mbio mbio: hapana shangazi, hili si hekalu, ni makumbusho ya sanaa. Akanirudishia dole gumba na maneno manne: "Kama ni makumbusho, sawa."

Nimekaa na hiyo "sawa" wiki nzima, na kila nikiigeuza naiona mbaya zaidi. Simlaumu shangazi peke yake. Yeye ni mlokole wa siku nyingi na hajawahi kuficha imani yake. Wa kulaumiwa zaidi ni mimi niliyekimbilia kujitetea kama mtu aliyefumaniwa. Maana tulikubaliana, mimi na yeye, bila hata kubishana, kwamba sanamu ile ikiwa kwao na watu wake wakiichomea ubani ni jambo la kuogopesha, lakini ikishang'olewa, ikavushwa bahari na kuwekwa chini ya taa katika mji wa Kansas City, basi imekuwa salama, watoto wanaweza kupiga nayo picha. Mimi nasema hapo tumelisimamisha jambo kichwa chini miguu juu. Cha kutukosesha usingizi si ubani. Ni ule mng'oo.

Kwanza niwaambie tulichokiona. Makumbusho yenyewe ni Nelson-Atkins, yaliyofunguliwa mwaka 1933. Kiingilio ni bure, jambo ambalo kwa familia ya watu wanne si dogo. Unalipia maegesho ya gari tu, na chakula tulikuwa tumebeba chetu. Watoto walikimbilia kwanza vile vinyoya vinne vya batmintoni vilivyotapakaa kwenye nyasi, kila kimoja na urefu wa zaidi ya mita tano, utadhani jumba lote la makumbusho ni wavu na majitu yaliyokuwa yakicheza yamekwenda kunywa maji. Walicheka mpaka wakachoka. Siku ingeishia pale, nisingekuwa na la kuandika.

Kisha tukaingia ndani, kwenye chumba ambacho wengi hukiita Hekalu la Kichina. Mwanga ni hafifu, watu wanajikuta wakinong'ona. Mwanangu mdogo, wa miaka sita, akasimama mlangoni, akainama, akaanza kuvua viatu. Hakuna aliyemwambia. Amezoea kwenda msikitini na jamaa za mama yake, na mwili wake ulishajua kuwa mahali pa namna hii hupaingii na vumbi la barabarani. Mlinzi akatabasamu, akamwashiria kwa mkono kwamba apite tu, viatu havina shida.

"Baba, kwani hapa hakusaliwi?"

"Hakusaliwi."

"Sasa mbona panaitwa hekalu?"

Nikakosa jibu. Nikamwambia atazame dari, jinsi ilivyo nzuri.

Jibu ninalo sasa. Panaitwa hekalu kwa sababu ya vitu vitatu ambavyo havikupata kukaa pamoja hata siku moja kabla ya kufika Marekani. Sanamu ni ya Guanyin, ambaye Wabudha wa China humlilia kwa kuwa ni mwenye huruma, msikiaji wa vilio vya watu. Ilichongwa karne ya 11 au ya 12. Mchoro uliofunika ukuta nyuma yake ni wa karne ya 14, na ulitoka hekalu la Guangsheng katika mkoa wa Shanxi. Dari ya mbao ilitoka hekalu la Zhihua mjini Beijing, lililojengwa miaka ya 1440. Hebu fikiria mtu achukue mimbari ya msikiti mmoja wa Lamu, kengele ya Frere Town na kigango kutoka Kaloleni, avipange katika chumba kimoja, apunguze taa, kisha abandike mlangoni: Nyumba ya Ibada ya Pwani. Sisi tusingejua tucheke au tulie. Mgeni angepiga picha na kwenda zake ameridhika.

Na kila kimoja kimeacha pengo kilikotoka. Hekalu la Zhihua halikufa. Lipo mpaka leo Beijing, ila dari zake mbili hazipo: moja ndiyo hiyo iliyo juu ya kichwa cha mwanangu, nyingine iko kwenye makumbusho ya sanaa ya Philadelphia. Mchoro wa Guangsheng nao una ndugu zake. Mmoja yuko Metropolitan, New York. Wengine wawili wako makumbusho ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Nyumba moja, kuta zake zimegawanywa kama urithi wa marehemu asiye na watoto.

Lakini kilichonichoma hakikuwa ndani ya chumba hicho. Katika mkusanyiko huohuo wa Kichina kuna jiwe lililochongwa, malkia akiwa na msafara wa wanawake wa ikulu, mikunjo ya nguo zao inateremka kama maji. Lilitoka mapango ya Longmen, karibu na mji wa Luoyang, katika pango liitwalo Binyang la kati. Pango hilo mfalme Xuanwu wa enzi ya Wei ya Kaskazini aliamuru lichongwe kwa ajili ya wazazi wake, na lilimalizika mwanzoni mwa miaka ya 520. Upande mmoja wa ukuta palichongwa msafara wa mfalme, baba yake. Upande wa pili, msafara wa malkia, mama yake. Wakakaa hivyo, mume na mke, katika pango moja, kwa miaka 1,400.

Katika miaka ya 1930 walikuja watu na patasi. Leo baba yuko New York, katika Metropolitan. Mama yuko Kansas City. Mtoto aliyewafanyia wazazi wake ukumbusho, sisi tumemlipa kwa kuwapa talaka.

Sasa najua nitakachoambiwa, maana nimeshaambiwa na rafiki yangu mmoja anayependa sanaa kuliko ninavyoipenda mimi. Ataniuliza: je, vitu hivi vingebaki China vingepona? Kulikuwa na vita. Baadaye, katika Mapinduzi ya Utamaduni, mahekalu mangapi yalivunjwa na sanamu ngapi zikachomwa? Ni kweli, silikatai hilo. Na nitendee haki pia: Laurence Sickman, aliyekuwa kijana akinunua vitu China kwa niaba ya makumbusho haya, alikuwa ameuona msafara wa malkia ukiwa mzima pangoni. Ulipovunjwa, aliutafuta sokoni kipande kwa kipande, vipande vikaja kuunganishwa upya. Kama si yeye, huenda leo tungekuwa na pua hapa, kidole kule.

Lakini hebu tuulize swali linalotangulia. Yule aliyepanda pangoni na patasi, alikuwa akimchongea nani? Jiwe la mlimani haliliwi. Mwanakijiji hana haja ya kichwa cha malkia nyumbani kwake. Lile pango lilipita enzi baada ya enzi, njaa baada ya njaa, na ukuta haukubanduliwa, mpaka alipotokea mnunuzi wa mbali mwenye fedha. Soko ndilo lililotuma patasi. Mkombozi na mnunuzi walikuwa wamesimama kwenye foleni moja, hata kama mmoja wao alikuwa na machozi ya kweli.

Hoja ya pili ni kali zaidi: mchoro wa Guangsheng haukuibwa, uliuzwa. Watu wa palepale hekaluni waliuuza mwishoni mwa miaka ya 1920, ili wapate fedha za kukarabati majengo. Basi nani ana haki ya kulalamika? Mimi hapo naona huzuni, sioni halali. Mtu ambaye paa linamvujia anauza ukuta ili aezeke paa. Mnunuzi mwenye uwezo wa kuusafirisha ukuta ule kuvuka bahari alikuwa na uwezo wa kulipia vigae. Alichagua ukuta. Unaweza kuwa na risiti mkononi na bado ukawa umemvua mtu nguo.

Haya yote yanatuhusu nini sisi watu wa Pwani? Yanatuhusu kwa sababu ya kigango.

Kwa Wagiriama na ndugu zao Wamijikenda, mzee wa chama cha Gohu akifa, huchongewa kigango, mti wenye umbo la mtu na nakshi za pembetatu, ukasimikwa ili roho yake itulie na walio hai wakumbukwe naye. Kikishasimikwa hakihamishwi. Hiyo ndiyo maana yake nzima: kinakaa hapo. Baadaye vikaanza kung'olewa usiku, vikapitia kwa madalali, vikaishia kwenye sebule za watu mashuhuri wa Hollywood na katika makumbusho ya Marekani. Mwaka 1985 mtafiti Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja akiwa kando ya vigango viwili vya ndugu zake. Muda mfupi baadaye viliibwa. Miaka ikapita, akakiona kimoja kwenye slaidi mkutanoni Marekani. Kimoja kilikuwa makumbusho ya jimbo la Illinois, cha pili chuo cha Hampton, Virginia. Vyote viwili vilirudi nyumbani mwaka 2007. Vingine 30 vilivyokuwa Denver vilirudi Kenya mwaka 2019. Kwa hiyo anayesema vitu hivi havirudishiki, aambiwe: vinarudishika. Vinasubiri tu watu watakaoona aibu.

Sasa nirudi kwenye ile "sawa", maana hapa ndipo inapouma. Nani aling'oa vile vigango? Si Mmarekani aliyevuka bahari na panga. Ni vijana wetu, wenye njaa, waliolelewa na sisi. Na tuliwalea tukiwaambia nini? Kanisani tuliwaambia ni ushenzi. Msikitini tuliwaambia ni shirki. Shuleni hatukuwaambia kitu. Kijana akikua akijua kwamba ule mti wa babu ni uchafu wa zamani, siku dalali akimpa noti haoni kwamba anamwibia babu. Anaona ameuza kuni kwa bei nzuri. Sisi ndio tulioiua heshima, mnunuzi akaja kuzoa mabaki. Kisha kigango hichohicho kikisimama kwenye sakafu inayong'aa huko ng'ambo, na kibao cha maelezo pembeni, ghafla kimekuwa sanaa, na sisi tukiletewa picha tunasema: kama ni makumbusho, sawa.

Yaani kitu cha ibada kinapata ruhusa yetu baada ya kunyang'anywa ibada yake. Hiyo si imani. Imani ingekataa kuinama mbele ya sanamu mahali popote, hekaluni na makumbushoni, na ingekataa vilevile kumwibia jirani, hata jirani anayeabudu tofauti. Tulicho nacho sisi ni woga uliovaa kanzu ya imani, na woga huo ni rafiki mkubwa wa dalali.

Simwambii mtu aende akachome udi kwa Guanyin. Watoto wangu hawakuinama na sikuwataka wainame. Nadai kitu kidogo zaidi, ambacho sisi tunakijua vizuri kuliko watu wengi: hodi. Mtu wa Pwani haingii nyumba ya mwenzake bila hodi, hata kama hakubaliani na chochote kinachofanyika ndani. Mwanangu alipoinama kuvua viatu alikuwa anapiga hodi. Yeye peke yake katika chumba kile ndiye aliyeelewa tulipokuwa, na baba yake msomi akamwambia atazame dari.

Kwa hiyo nimeamua hivi. Hekalu lililo hai, lenye watu wake, tukikaribishwa tutakwenda, tutakaa nyuma, tutanyamaza, na nikiulizwa kwenye kundi la ukoo nitajibu ndiyo, ni hekalu. Na makumbushoni tutaendelea kwenda, maana watoto walifurahi na mimi nilifurahi, sitadanganya. Ila kila tukisimama mbele ya kitu kilichotoka kwenye ibada ya watu, tutauliza: nani alikuwa akisali hapa, nani alikitoa, na pengo lake liko wapi leo? Pango la Binyang lipo. Hekalu la Zhihua lipo. Mapengo hayo yanajulikana, yana anwani, unaweza kuyatumia barua. Malkia arudi kwa mumewe, na mumewe arudi pangoni. Dari zirudi kwenye kuta zake. Wakisema ni vigumu, tuwaonyeshe vile vigango 30.

Jumapili nilimpigia shangazi. Sikumhubiria. Nilimuuliza tu kama anakumbuka vigango vya kwa babu, pale nyuma ya mwembe, vilikuwa vingapi. Akanyamaza kidogo. Akasema vilikuwa vitatu. Nikamuuliza vilikwenda wapi. Akasema, "Ee mwanangu, hata hatukuuliza."

Basi tuanze kuuliza. Haikuwa sawa, shangazi. Haikuwa sawa kule, na wala haikuwa sawa kwetu.