Kompyuta kuukuu si ya kutupa, wala si ya kuachwa ilivyo

WAHENGA walisema mali bila daftari huisha bila habari. Siku hizi daftari la wafanyabiashara wadogo wengi, na la vyama vya msingi vya ushirika, limehamia ndani ya kompyuta ya mkononi. Mara nyingi kompyuta hiyo ilinunuliwa ikiwa mtumba, na mfumo unaoiendesha umekwishapitwa na wakati.

Utaikuta kwenye kona ya duka la pembejeo au juu ya meza ya karani wa chama. Ndani yake mna majina ya wanachama, kilo alizoleta kila mmoja, mikopo ya mbolea na dawa, madeni ya wateja na hesabu za kodi. Ikichelewa kuwaka, watu husubiri. Ikikataa kufungua tovuti ya benki, mtandao ndio unaolaumiwa. Ni wachache wanaouliza swali la msingi: je, mfumo unaoendesha mashine hii bado una mtu anayeutunza?

Tunaliuliza swali hilo leo kwa sababu majibu yake yanagusa mifuko ya wasomaji wetu.

Mfumo wa uendeshaji ni programu mama inayoziwezesha programu nyingine zote kufanya kazi, na kila toleo lake lina umri wake. Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, iliacha kuhudumiwa na kampuni ya Microsoft Aprili 8, 2014. Windows 7 ilifuata Januari 14, 2020, na Windows 8.1 Januari 10, 2023. Windows 10 nayo ilifikia ukomo wake Oktoba 14, 2025. Kwa watumiaji binafsi waliojiandikisha, mpango wa nyongeza wa marekebisho ya usalama ulipangwa kufikia Oktoba 13, 2026.

Kuacha kuhudumiwa hakuna maana kwamba kompyuta itazimika siku hiyo. Hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Mashine inawaka kama jana na hesabu zinafunguka kama kawaida. Kinachokoma ni ukarabati. Kila mara matundu mapya hugunduliwa katika mifumo hii, na wezi wa mitandaoni huyajua upesi. Mwenye mfumo unaohudumiwa huzibiwa tundu lake kupitia marekebisho yanayotumwa kwa intaneti. Mwenye mfumo ulioachwa hulala mlango ukiwa wazi.

Baada ya muda, programu nyingine nazo huiacha mashine hiyo nyuma. Kwa mfano, kivinjari cha Chrome kiliacha kutoa matoleo mapya kwa ajili ya Windows 7 na 8.1 kuanzia toleo la 110, Februari 2023. Ndiyo maana mtu huona tovuti aliyokuwa akiitumia jana leo imegoma kufunguka, au inafunguka nusu nusu.

Wapo watakaosema kwamba wezi wa mitandaoni hawana shida na duka la mahindi na mbolea. Tunawakumbusha yaliyotokea Mei 2017. Virusi vilivyoitwa WannaCry vilivamia zaidi ya kompyuta 200,000 katika nchi zipatazo 150, vikafunga mafaili na kudai malipo ya dola 300 za Marekani ili yafunguliwe. Nchini Uingereza hospitali za umma zililazimika kuahirisha matibabu ya maelfu ya wagonjwa. Virusi hivyo havikuchagua tajiri wala maskini; viliingia popote palipokuwa na tundu. La kusikitisha zaidi, marekebisho ya kuliziba tundu hilo yalikuwa yametolewa tangu Machi mwaka huo huo. Walioyaweka mapema walinusurika.

Je, kila mwenye kompyuta ya zamani aende akanunue mpya? Sisi tunasema hapana. Mkulima hatupi jembe kwa sababu mpini umelegea. Lakini pia tunasema kuiacha ilivyo, huku ikiunganishwa na intaneti kila siku, ni kuchezea mali ya watu.

Kabla ya kugusa chochote, tukumbuke kwamba chenye thamani si mashine, bali ni kumbukumbu zilizomo. Mashine hununuliwa. Orodha ya kilo za wakulima 300, ikishafutika katikati ya msimu, hainunuliki dukani. Mkulima aliyeleta magunia kumi na aliyeleta mawili watasimama mbele ya karani wakiwa sawa, kila mmoja na maneno yake.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kutoa nakala. Ipo tabia ya kumkabidhi fundi kompyuta na kumwambia "nipigie Windows", kisha mtu akaenda zake sokoni. Fundi anapofuta diski ili aweke mfumo mpya, hafuti virusi peke yake. Anafuta na daftari lako. Nakala ziwe angalau mbili, moja kwenye flashi au diski ya nje, na nyingine mahali pengine kabisa, kwa mfano kwenye barua pepe ya chama au kwenye kompyuta ya ofisi nyingine inayoaminika.

Jihadharini na jambo moja. Programu nyingi za uhasibu hazihifadhi hesabu zake pamoja na barua na picha zako, bali huziweka kwenye sehemu yake pekee. Kunakili mafaili unayoyaona usoni mwa kompyuta hakutoshi. Tumia sehemu ya kutolea nakala iliyomo ndani ya programu yenyewe, halafu ifungue nakala hiyo kwenye kompyuta nyingine uone kama inasomeka. Nakala ambayo haijajaribiwa ni tumaini tu. Orodha ya madeni na ya salio za wanachama ichapwe pia kwenye karatasi na kutiwa tarehe. Na kazi hii isifanywe wakati wa msimu wa mauzo au siku za mwisho za kuwasilisha ritani za kodi.

Hatua ya pili ni kuijua mashine yako. Muulize fundi mambo manne: kompyuta ilitengenezwa mwaka gani, ina RAM kiasi gani, diski yake ni ya aina gani, na kama prosesa yake ni ya biti 64. Mwambie pia aangalie saa. Kompyuta za zamani huwa na betri ndogo ya saa, na ikishakufa tarehe hurudi nyuma miaka mingi. Tarehe ikikosewa, tovuti salama, zikiwamo za benki, hukataa kufunguka. Wapo waliotaka kuuza mashine yote kumbe tatizo lilikuwa kibetri kinacholingana na sarafu.

Kama mashine ni nzito tu, mara nyingi kuongeza RAM na kuondoa diski ya kizamani inayozunguka ili kuweka ya aina ya SSD huirudishia uhai kwa gharama ndogo kuliko ya kununua kompyuta mpya. Lakini wepesi si usalama. Bado uamuzi kuhusu mfumo unabaki, na njia ni tatu.

Njia ya kwanza ni kupanda hadi toleo linalohudumiwa, ikiwa mashine inakubali. Windows 11 inadai prosesa ya biti 64, RAM ya gigabaiti 4, nafasi ya gigabaiti 64 kwenye diski, na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hazimo katika zile zinazokubaliwa. Asitokee mtu akakuuzia mtumba kwa maneno kwamba "itapanda tu"; apandishe mbele yako kabla hujalipa.

Njia ya pili ni kuhamia Linux, mfumo wa bure ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Matoleo yake kama Linux Mint na Ubuntu yanaendelea kuhudumiwa, na Mint imewahi kuziokoa kompyuta nyingi zenye RAM ya gigabaiti 4. Ubuntu yenyewe ilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni ndugu wa neno letu "utu". Mwaka huo huo mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Jambo hili basi si geni kwetu.

Uzuri wa Linux ni kwamba unaweza kuijaribu kutoka kwenye flashi bila kufuta kitu. Unaiwasha, unaona kama printa inakubali, kama intaneti inashika na kama jedwali zako za Excel zinafunguka katika LibreOffice. Isipokufaa, unachomoa flashi na mambo yanabaki yalivyokuwa. Udhaifu wake nao usifichwe: programu za uhasibu zilizotengenezwa kwa ajili ya Windows, kama Tally, hazifungi hapo moja kwa moja.

Njia ya tatu ni ya yule ambaye programu yake ya hesabu haikubali mfumo mwingine, na fedha ya kubadilisha haijapatikana. Huyo aikate mashine na intaneti kabisa, ibaki kuwa daftari na kalamu tu. Barua pepe, benki na kodi vifanyike kwenye kifaa kingine kinachohudumiwa. Flashi inayoingia ikaguliwe virusi kwanza. Hii si dawa ya kudumu, lakini ni afadhali mara kumi kuliko mlango wazi.

Kuna njia ya nne ambayo hatuishauri, nayo ni Windows ya wizi inayouzwa kwa bei ya soda pamoja na programu ya kuvunjia kufuli. Programu hizo aghalabu hukutaka uzime kinga ya virusi ndipo zifanye kazi. Mwenye akili atajiuliza kwa nini mgeni anataka mlinzi aondoke kwanza.

Kwa viongozi wa ushirika tuna neno la ziada. Kompyuta ya chama ina majina, namba za simu na akaunti za benki za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayezikusanya azilinde. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 nayo inataka kumbukumbu za kodi zitunzwe kwa miaka isiyopungua mitano. Utetezi kwamba "kompyuta ilikufa" haumrudishii mkulima haki yake. Matengenezo ya kompyuta yaingizwe kwenye bajeti inayopitishwa na mkutano mkuu, kama yanavyoingizwa matengenezo ya ghala na mizani.

Kwa taasisi zinazowataka wananchi wafanye kila kitu kwa mtandao, rai yetu ni kwamba mifumo yao ijengwe ikijua mteja wao ni nani. Isitegemee kompyuta ya mwaka huu wala programu moja ya kununua, na inapobadilishwa, taarifa itolewe mapema kwa Kiswahili. Kwa mafundi, tunawaomba waweke desturi ya kutogusa diski ya mteja kabla ya kumuuliza nakala iko wapi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mwenye duka na kwa karani wa chama, ufa huo unazibwa kwa flashi moja na jioni moja ya kazi. Waanze na nakala wiki hii. Habari ya mfumo upi ufuate wataizungumza na fundi wakiwa hawana hofu.