Zoezi la Kiuno Liandikwe Kwenye Daftari la Mgonjwa

Wilayani Kilosa, kiuno ndicho kinachobeba uchumi. Mkulima wa mahindi na mpunga huinama na jembe tangu alfajiri. Mkata mkonge hurudia mkunjo uleule kutwa nzima. Huko Mikumi, kandokando ya barabara kuu iendayo Iringa na Zambia, dereva wa lori hushuka akiwa ameketi saa nyingi bila kujinyoosha. Wote hukutana kwenye benchi la zahanati na kauli moja: "Daktari, kiuno."

Mara nyingi jibu huwa sindano au vidonge vya kutuliza maumivu, pamoja na agizo la kulala. Jibu hilo halitoshi. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu maumivu sugu ya sehemu ya chini ya mgongo, nalo likapendekeza elimu kwa mgonjwa na mazoezi. Kulala siku nyingi hudhoofisha misuli inayoushika uti wa mgongo. Diklofenaki ikimezwa kiholela huweza kuchubua tumbo na kudhuru figo. Hivyo anayedhani kiuno chake ni ugonjwa wa figo huenda akajitafutia ugonjwa huo dukani.

Wapo watakaouliza: mtu anayelima kutwa ahitaji mazoezi ya nini? Kazi na zoezi si kitu kimoja. Jembe huukunja mgongo upande mmoja tu. Zoezi huunyoosha na kuimarisha misuli ya tumbo na makalio ili isaidie kubeba mzigo.

Mkeka watosha. Mgonjwa alale chali, avute goti moja kifuani, ahesabu hadi ishirini, kisha abadilishe mguu. Akunje magoti, nyayo zikiwa chini, ainue kiuno taratibu, ahesabu hadi tano na kukishusha, mara kumi. Mwisho, apige magoti na kuegemea viganja, autunishe mgongo juu kisha aushushe polepole. Afanye hivyo asubuhi na jioni, na aendelee kutembea. Maumivu yakishuka mguuni au kuzidi, aache na arudi kituoni.

Hata hivyo, zoezi lisitangulie uchunguzi. Homa, kukonda, jasho la usiku, ganzi ya mapajani au sehemu za siri, mguu kulegea, kushindwa kukojoa au kuzuia haja, au maumivu baada ya kuanguka, ni dalili za kumpeleka mgonjwa hospitali bila kuchelewa. Kifua kikuu hushambulia pia uti wa mgongo, na maziwa yasiyochemshwa huweza kuleta brusela, ambayo nayo huumiza kiuno.

Dawa huandikwa daftarini kwa kipimo: mara ngapi, siku ngapi. Zoezi nalo lastahili mstari wake, na mhudumu alionyeshe kwa vitendo kabla mgonjwa hajaondoka. Dakika tano hizo ni chache kuliko msimu wa kilimo unaopotea kwa sababu ya kiuno.