Gari Lililolala Likaguliwe Kabla ya Fedha Kutoka



Wapo wenzetu wa Gitega wanaosema kwamba sisi tuliotumwa Muyinga tulikwenda kula nauli na kurudi mikono mitupu. Wanasema gari lilikuwepo, bei ilikuwa nzuri, injini iliwaka mbele ya macho yetu, nasi tukaogopa. Tumeona yafaa tujibu hapa mbele ya wote, kwa sababu jambo hili si la tawi letu peke yake. Karibu kila penye kiwanda au shamba utakuta kikundi cha wafanyakazi kinachoweka akiba ili kipate gari la mizigo. Na kwa kuwa gari zima hatuliwezi, macho yetu huenda kwenye gari la zamani lililolala miaka mingi ndani ya banda la mtu.

Haja yenyewe ni ya kweli, wala hatumlaumu mtu kwa kuitamani. Tangu Gitega ilipofanywa mji mkuu wa kisiasa mwaka 2019, watu na mizigo ya kusafirisha imeongezeka. Mwezi wa Mei 2023 thamani ya faranga ilishushwa, kutoka karibu faranga 2,000 kwa dola moja hadi zaidi ya 2,800, na kila kitu kinachotoka ng'ambo kikapanda bei, magari na spea zake vikiwemo. Mfanyakazi mwenye magunia mawili ya maharage hulipa nauli ya kuyafikisha sokoni mpaka faida inakwisha njiani. Mwenye mgonjwa usiku hugonga mlango wa mwenye gari na kusubiri huruma yake. Kwa hiyo tuliposikia kwamba Muyinga kuna Peugeot 504 ya mizigo, imelala zaidi ya miaka kumi na mwenyewe anataka kuiuza, wote tulifurahi. Hata sisi tuliotumwa tulifurahi.

Lakini furaha haikagui gari. Wengi wetu tunalikumbuka gari la kikundi kingine cha wenzetu, miaka michache iliyopita. Walilinunua likiwa limelala, wakaliwasha, wakapiga makofi. Fedha iliyobaki wakaitumia kupaka rangi na kuandika jina la kikundi mlangoni. Safari ya tatu, kwenye mteremko, breki zilikwisha mguuni mwa dereva. Mungu alisaidia gari likagonga kingo ya udongo badala ya kwenda bondeni. Hakufa mtu, ila akiba ya miaka minne ilikwisha siku ile, na kikundi kikavunjika kwa kulaumiana. Watoto wa wale wenzetu walikosa ada ya shule kwa sababu ya rangi nzuri iliyofunika kutu.

Ndiyo maana safari hii tulimchukua fundi, tukamlipa siku yake kamili. Tulipatana naye tangu Gitega kwamba hata gari likinunuliwa, kazi ya kulitengeneza hatapewa yeye. Baadhi yenu mliona hilo ni jambo la ajabu. Sisi tunaona ndiyo nguzo ya ukaguzi wote. Fundi anayetarajia kulipwa kwa kutengeneza atakuambia gari linatengenezeka. Hata awe mwaminifu, tumbo lake litamsemea. Kadhalika ndugu wa muuzaji, na kadhalika sisi wenyewe tuliokwisha kulipenda gari kabla ya kuliona. Mkaguzi awe mtu ambaye neno "acheni" halimpunguzii mkate wake.

Sasa tueleze tulivyokagua, ili kila kikundi kipate utaratibu wa kufuata.

Kwanza karatasi. Kabla ya kugusa boneti, tuliomba kadi ya gari, tukalinganisha namba ya fremu na namba ya injini na zile zilizoandikwa. Namba zilipatana. Lakini jina lilikuwa la marehemu mzee, na mmoja wa warithi yuko Tanzania na hajatia sahihi. Gari ambalo warithi hawajapatana juu yake si la kuuzwa bado, hata kama aliyeshika ufunguo ni mtu mwema. Ukilinunua, unanunua kesi ya familia.

Pili chuma. Injini mbovu huweza kubadilishwa, bali fremu iliyooza ni kama nguzo ya nyumba iliyoliwa na mchwa. Katika nchi yetu mvua hunyesha kuanzia Septemba au Oktoba hadi Mei, na banda lisilo na sakafu hupandisha unyevu kutoka ardhini hata kama paa halivuji. Fundi alilala chini ya gari na nyundo ndogo na bisibisi. Chuma kizima hulia, kilichooza hunyamaza. Karibu na mahali springi ya nyuma inaposhikwa palikuwa pamepakwa rangi nyeusi mpya. Gari limelala zaidi ya miaka kumi, rangi mpya imetoka wapi? Bisibisi ilipenya.

Tatu breki, matairi na usukani. Hapa tunawaomba msome polepole. Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani, hata gari likiwa limesimama, na maji hayo hula vyuma vya breki kutoka ndani usikoona. Mafuta ya aina ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki mpaka joto lifike angalau digrii 205 za Sentigredi. Yakishanyonya maji huweza kuchemka kwenye digrii 140. Yakichemka hutoa mvuke, mvuke hubonyea, na kanyagio huzama mpaka chini bila gari kusimama. Dereva wa Gitega anayepeleka mzigo Bujumbura hupita Bugarama, na kutoka pale barabara hushuka zaidi ya mita 1,000 kwa kona nyingi. Mteremko kama ule ndio unaochemsha breki. Mafuta tuliyoyakuta Muyinga yalikuwa meusi kama kahawa, na gurudumu moja la nyuma lilikuwa limeganda kabisa.

Matairi nayo yalikuwa na meno mazuri, na mwenzetu mmoja alianza kufurahi. Lakini umri wa tairi hausomwi kwenye meno. Ubavuni, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu 4: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukiona 2309, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2009. Ukiona tarakimu 3 tu, ni la kabla ya mwaka 2000, na hilo halina mjadala. Mpira huzeeka hata ukilala, na tairi lililozidi miaka 10 lisibebe watu wala mzigo. Yale yote yalikuwa yamezidi.

Nne, na mwisho, injini. Tunasema mwisho kwa makusudi, maana watu wengi huanza nayo. Kabla hatujamaliza kukagua, vijana wa nyumba walileta betri ya kuazima, wakaunganisha chupa ya petroli juu ya injini, wakawasha. Iliunguruma, majirani wakashangilia, na habari ikafika Gitega kabla yetu. Fundi wetu hakushangilia. Aliuliza swali moja tu: kwa nini chupa, na gari lina tangi? Tukafungua tangi. Petroli ya zamani ilikuwa imegeuka gundi inayonuka kama rangi, na ndani kulikuwa na kutu. Gundi ya namna hiyo ikiingia kwenye kabureta huziba vitundu vyake vyote.

Tena kuwasha namna ile ni hatari kwa injini yenyewe. Iliyolala miaka haina oili kwenye kuta za silinda, na kutu kidogo ikisuguliwa na ringi za pistoni huchora silinda mara moja. Njia iliyo sawa ni kutoa plagi, kutia oili kidogo katika kila silinda, kuacha siku moja au mbili, kisha kuzungusha injini kwa mkono, spana ikiwa kwenye nati ya puli ya mbele. Isipozunguka, usiilazimishe. Vuta pia kijiti cha oili: rangi ya maziwa ni alama kwamba maji yameingia. Magari yenye mkanda wa taimingi, mkanda ubadilishwe kabla ya kuwasha. Na nyaya zote zitazamwe, kwa maana gari lililolala ndilo nyumba ya panya.

Tukiwa wa haki, injini ya gari lile haikuwa mbaya. Na Peugeot 504 si takataka. Ilianza kutengenezwa mwaka 1968, na hata Ufaransa ilipoacha kutengeneza ile ya abiria mwaka 1983, Kenya na Nigeria ziliendelea kuiunganisha. Ndiyo maana mafundi wetu wengi wanaifahamu. Kwa hiyo hatusemi magari ya zamani yasinunuliwe. Tunasema injini kuwaka ni ushahidi kwamba injini imewaka, basi. Haisemi neno juu ya fremu, breki wala warithi.

Jioni tulikaa na karatasi yenye safu tatu. Ya kwanza: mambo ambayo bila hayo gari lisitoke bandani, yaani fremu, breki zote, matairi, tangi na mabomba yake. Ya pili: yanayoweza kungoja miezi michache, kama viti na shokomzoba. Ya tatu: mapambo, na rangi tuliiweka huko. Kisha tukaongeza theluthi moja juu ya hesabu, kwa yale ambayo jicho halikuyaona, maana gari lililolala halitoi siri zake zote siku moja. Safu ya kwanza peke yake ilizidi mara mbili ya bei iliyotajwa. Muuzaji hukutajia bei ya kulichukua gari; bei ya kulitembeza huijui mpaka ulikague. Wahenga walisema rahisi ghali, na walisema kabla ya kuwapo magari.

Mama mwenye gari hakutuficha kitu. Rangi ile nyeusi ilipakwa na mtu aliyemwahidi kumtafutia mnunuzi. Tulipomsomea hesabu yetu alinyamaza kidogo, kisha akatuomba nakala. Alisema miaka yote watu humtajia bei bila kumwambia ana nini bandani. Tukamwachia nakala. Hilo nalo tunataka mlione: ukaguzi wa kweli haumwibii muuzaji. Mjane aliyebaki na gari la marehemu ni mnyonge kama sisi, na hatukwenda kumdanganya wala kudanganywa.

Wenzetu wanatuuliza: je, akitokea mwingine akalinunua? Alinunue. Sisi tumepoteza nauli na posho ya fundi, na kila mwanachama bado ana akiba yake sandukuni. Wanatuuliza tena: kwani sisi maskini tutafika lini tukihesabu namna hii? Tunajibu kwamba maskini ndiye anayepaswa kuhesabu zaidi. Tajiri akipoteza gari hununua jingine. Sisi tukipoteza, tunapoteza gari, akiba, na imani ya mtu kwa mwenzake. Hiyo ya mwisho haina spea.

Tunapendekeza mambo manne yapitishwe katika mkutano ujao. Fedha ya kikundi isitoke hata faranga moja, hata ya arabuni, kabla ya ukaguzi kuandikwa. Mkaguzi alipwe, na asiwe yule atakayetengeneza. Hesabu isomwe kwa sauti mbele ya wanachama wote, wasiojua kusoma nao waulize maswali. Na wanaotumwa wasilaumiwe kwa kurudi na neno "hapana", maana wakiogopa lawama, safari nyingine watarudi na gari bovu ili kuwapendeza wenzao.

Kuhusu lile la Muyinga, mlango haujafungwa. Warithi wakitia sahihi zote, na bei ikishuka kulingana na hesabu tuliyoiacha mezani kwa mama, tutakwenda tena na fundi yule yule. Gari limengoja zaidi ya miaka kumi; linaweza kungoja mpaka mwisho wa kiangazi.