MIGUU NJIANI: Siku Moja ya Kupumzika Sur

Waliouzoea ukurasa huu wanajua kuwa kila mwaka huandika habari za matembezi yetu ya miguu, sisi rafiki wanne tuliosoma skuli moja Maskati na ambao riziki imetutawanya: mmoja yuko Manchester, mmoja Dubai, na wawili tumebaki nyumbani. Januari 2024 tulikutana tena, tukabeba mashanta mgongoni, tukatembea siku tatu kwa kufuata pwani kutoka Tiwi mpaka Sur. Habari za mawe na jua nitawapunguzia. Leo nataka kuwasimulia siku ya nne tu, ambayo tulikubaliana iwe siku ya kutofanya lolote.

Sur iko kusini-mashariki ya Maskati, kiasi cha kilomita 200 kwa barabara. Tuliingia mjini magharibi, tumechoka hoi, tukachukua vyumba viwili katika nyumba ya wageni karibu na ufukwe. Mwenzetu wa Manchester alipovua viatu, miguu ilikuwa imeumuka kama maandazi. Nikamliwaza kwa kisa cha Ibn Battuta, yule msafiri aliyefika Kilwa mwaka 1331. Katika safari zake chombo chake kilitia nanga Sur, akauona mji wa Qalhat kwa mbali, akadhani ni karibu, akashika njia kwa miguu. Kiongozi wake alikuwa na nia ya kumwibia nguo, kiu ikamshika, na alipofika miguu ilikuwa imevimba hata damu ikakaribia kutoka chini ya kucha. Sisi tulikuwa tumeipita njia hiyo hiyo kwa kuigeuza, kutoka Qalhat kuja Sur. Mji wenyewe siku hizi ni magofu, ingawa jengo la Bibi Maryam lingali limesimama, na mwaka 2018 UNESCO iliutia katika urithi wa dunia.

"Ibn Battuta alipumzika Qalhat siku sita," akasema mgonjwa wetu. "Nyie mnanipa moja!"

Kabla sijaendelea hapana budi niseme la kweli. Ndani ya shanta langu mlikuwa na kifurushi alichonipa mama: doti ya kanga na mfuko wa karafuu, nimpelekee shangazi yangu anayekaa Al-Ayjah, ng'ambo ya hori la Sur. Wakubwa wanaijua hadithi hii, lakini vijana wengi hawaijui. Babu yangu alikuwa baharia wa Sur. Majahazi ya huko yalikuwa yakiondoka na kaskazi kwenda Lamu, Mombasa na Unguja yamepakia tende na samaki wakavu, yakarejea na kusi yamejaa boriti. Kama mabaharia wengi wa zama zake, babu alikuwa na nyumba huku na nyumba kule. Mwaka mmoja kusi ikavuma, wenziwe wakatweka, yeye hakurejea. Akabaki Unguja, akamzaa baba yangu, na huko ndiko alikozikwa. Sur alimwacha binti mdogo. Binti huyo ndiye shangazi.

Baba alipohamia Maskati katika miaka ya 1970 alimtafuta dada yake mpaka akampata, na wakatembeleana kila Idi. Baba alipofariki mwaka 2013, mimi sikwenda tena. Hapakuwa na ugomvi. Mwaka wa kwanza nilikuwa na kazi, wa pili nikaona haya kwa kutokwenda mwaka wa kwanza, na kila mwaka uliozidi haya nazo zikazidi. Ikawa miaka kumi na moja.

Basi siku yetu ya mapumziko ilianza vizuri. Tuliamka tumechelewa, tukanywa chai ya maziwa na chapati kwenye mkahawa mdogo, tukakaa mchangani kutazama wavuvi wakishusha jodari. Mwenzetu wa Dubai, ambaye simu yake haikomi kulia, aliizima akalala na kofia usoni. Bahari ilikuwa imetulia kama mafuta.

Saa nne na nusu tukaenda kulitazama jahazi la Fatah al-Khayr, lililowekwa juu ya nchi kavu karibu na hori. Liliundwa hapo hapo Sur mwaka 1951, baadaye likauzwa Yemeni, na watu wa Sur wakachanga fedha wenyewe kulirudisha. Karibu nalo pana kiwanda cha kuundia majahazi. Mafundi wengi tuliowakuta ni Wahindi, na kazi si nyingi kama zamani, lakini harufu ya mbao ni ile ile. Mji huu ndio ulioiunda Sohar, ile merikebu iliyosafiri kutoka Oman mwishoni mwa 1980 ikafika Canton, nchini China, mwaka 1981. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za usumba bila ya msumari hata mmoja, kama mitepe ya Lamu ilivyokuwa ikishonwa. Nilisimama pale nikieleza mambo ya mkuku, omo na tezi kama mwalimu mbele ya ubao.

Rafiki zangu wananijua. Wakati wote huo daraja la Al-Ayjah lilikuwa mbele ya macho yetu, lile la kuning'inia lililofunguliwa mwaka 2009, na mimi nilikuwa nalipa mgongo. Tulipokula mchana, wali na nguru wa kuchoma, jirani yangu wa Maskati akaniuliza polepole:

"Bwana, hicho kifurushi cha mama utakirudisha nacho Maskati?"

Nikasema leo ni siku ya kupumzika, nitakwenda safari nyingine, nikiwa na nguo za heshima.

"Una miaka hamsini," akasema. "Shangazi yako ana mingapi?"

Sikumjibu. Shangazi alikuwa amekwisha kupita themanini. Baada ya sala ya alasiri tulivuka daraja wote wanne, yule wa Manchester akichechemea kwa makubadhi.

Nyumba niliikumbuka kwa mlango wake. Alifungua binamu yangu, akanitazama, akanikumbatia bila ya kuuliza lolote. Shangazi alikuwa ameketi juu ya zulia, amekuwa mdogo kuliko nilivyomwacha, macho yamefifia lakini masikio mazima. Nikambusu kichwa, nikamwambia mimi ni nani. Akanishika mkono asiuachie. Kahawa ikaja, na tende na halua. Akafungua kifurushi, akanusa karafuu, akatabasamu. Nikadhani nimesalimika.

Kisha akauliza kwa Kiarabu: "Mmefika lini?"

"Jana magharibi, shangazi."

"Na mmelala wapi?"

Jamaa zangu, nimewahi kuulizwa maswali na maofisa wa viwanja vya ndege vingi, lakini sijapata kukwama kama hapo. Nikasema, nyumba ya wageni.

Akanyamaza. Halafu akanyoosha kidole juu ya dari. Chumba hicho ni cha zamani, nyumba nyingine imejengwa upya kukizunguka, na dari yake ni ya boriti, nyeusi kwa umri. "Hizi alizileta baba yetu kutoka kwenu, mimi sijazaliwa," akasema. "Wanangu walitaka kukibomoa chumba, nikawakataza. Nikasema wako watoto wa ndugu yangu, watakuja, watapata pa kulala. Nawe unakwenda kulipa pesa ulale kwa watu. Kwani sisi tumekufa?"

Hapakuwa na la kujibu. Rafiki yangu wa Dubai akainuka kimya kimya pamoja na binamu, wakaenda kuyachukua mashanta. Usiku huo tulilala wanne chini ya boriti hizo. Nilizihesabu mpaka usingizi ukanichukua, na kila nilipoanza upya nilimkumbuka baba, ambaye bila shaka alizihesabu naye.

Asubuhi tulipoaga, shangazi hakuniambia nirudi. Aliniambia niwalete watoto. Nimewapeleka Idi iliyofuata. Kiswahili chao ni cha kubabia na Kiarabu chao cha skuli, lakini walielewana naye kwa halua.

Wengi wetu katika kitabu hiki tuna mji kama Sur: mahali tunapopita na gari, tunapochukua chumba cha hoteli kwa kuwa tumechoka au tunaona haya, na huku kuna mtu aliyekataza chumba kisibomolewe kwa ajili yetu. Wazee walisema, ukienda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Msingoje miaka kumi na moja, na mkifika, msilale kwa watu.

Mwakani, Mungu akipenda, tutaonana njiani.