Msimu Mmoja Haupimi Kipaji: Majibu kwa Waliomhukumu Melvin Gordon

Kila msimu wa NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, unapoanza, kuna ranibeki kijana, yaani mchezaji wa kukimbia na mpira, anayekwama, na hukumu haichelewi: hafai. Melvin Gordon aliipata hukumu hiyo mwaka 2015. San Diego Chargers walimchukua akiwa chaguo la 15 katika raundi ya kwanza ya uteuzi wa wachezaji wapya, akamaliza msimu na yadi 641 bila tachidauni hata moja. Hoja walizomtupia ndizo wanazotupiwa vijana wengi wa nafasi hiyo, na zote zina majibu.

Dai la kwanza: "Chuoni alibebwa na wazuiaji."
Ni kweli Chuo Kikuu cha Wisconsin kinasifika kwa wazuiaji wakubwa. Lakini yadi 2,587 alizokimbia mwaka 2014 zilikuwa zimewahi kupitwa na mtu mmoja tu katika ngazi ya juu ya vyuo, Barry Sanders, aliyefikisha 2,628 mwaka 1988. Dhidi ya Nebraska, Gordon alikimbia yadi 408 katika robo tatu tu za mchezo. Mzuiaji hufungua njia. Mbio ndefu baada ya hapo ni za mkimbiaji mwenyewe. Isitoshe, hoja hii inakata kuwili. Kama wazuiaji wazima ndio waliompandisha chuoni, basi safu ya San Diego iliyoandamwa na majeraha ndiyo iliyomwangusha. Si haki kuwapa wenzake sifa zote, kisha yeye ukamtwika lawama zote.

Dai la pili: "Ranibeki kazi yake kukimbia, hana cha kujifunza."
Hili ndilo dai potofu kuliko yote. Katika NFL ranibeki lazima amtambue mpinzani anayemvamia kwotabeki, mrusha pasi wa timu, na amzuie, ajue njia za kupokea pasi, na asome mwanya kabla haujafunguka. Mbio za kuzunguka pembeni zilizompa yadi chuoni hazimfikishi mbali, kwa sababu walinzi nao wana kasi. Mfumo pia hubadilika. Wisconsin, Gordon alizoea kuanza nyuma kabisa, mbele yake akiwa na mwenzake wa kumsafishia njia. Chargers walimweka mara nyingi kando ya kwotabeki Philip Rivers, bila mtu wa kumtangulia. Mwaka 2016 wakamchagua Derek Watt, yuleyule aliyemsafishia njia chuoni. Msimu huo Gordon alikimbia yadi 997, akafunga tachidauni 12 katika michezo 13, na akachaguliwa kwenye Pro Bowl, mchezo wa nyota wa ligi. Yote hayo yalikuja baada ya upasuaji wa goti aliofanyiwa Januari ya mwaka huohuo.

Dai la tatu: "Anayedondosha mpira habadiliki."
Gordon aliudondosha mara sita mwaka 2015. Ni kosa la kweli, wala halitetewi. Lakini namna ya kushika mpira hufundishwa. Tiki Barber wa New York Giants aliudondosha mara tisa mwaka 2003. Chini ya kocha Tom Coughlin alijifunza kuubana juu, karibu na kifua. Mwaka 2005 aliudondosha mara moja tu, na msimu huo alikimbia yadi 1,860.

Dai la nne: "Ukianza vibaya umekwisha."
Thomas Jones alikuwa chaguo la saba mwaka 2000. Arizona waliachana naye baada ya misimu mitatu, lakini kuanzia 2005 hadi 2009 alivuka yadi 1,000 kila msimu. Wapo wasioinuka, sikatai. Trent Richardson, chaguo la tatu mwaka 2012, alihamishwa kutoka Cleveland hadi Indianapolis mwaka uliofuata na hakurejea kwenye ubora wake. Hata hivyo, kwake ushahidi ulitokana na timu mbili na zaidi ya msimu mmoja. Vijana wengine wanastahili subira hiyohiyo.

Kabla ya kutoa hukumu, tuulize: nani anamfungulia njia? Anachezeshwa katika mfumo gani? Mwili wake uko salama? Kocha amemfundisha nini? Ranibeki hupigwa karibu kila anaposhika mpira, na miaka yake uwanjani ni michache. Timu inayomnyima mwaka wa kujifunza inamnyang'anya sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi, na yenyewe inatupa mchezaji ambaye timu nyingine itamwokota na kushinda naye.