Kamera ya Chama: Itengenezwe au Izikwe Kabatini?

Katika jarida letu natoa dukuduku ambalo limenikaa rohoni muhula mzima. Wasomaji wapendwa, mkifungua kurasa za toleo hili mtaona kwamba picha ni chache, na hizo chache nyingi zimepigwa kwa simu za walimu. Msiwalaumu wahariri. Kamera ya chama ipo, haikuibwa wala haikupotea. Iko kabatini chini ya kufuli kwa sababu lenzi yake imekwama nje, hairudi ndani wala haisongi mbele, na amri imetoka kwamba mwanafunzi yeyote asiiguse.

Nionavyo mimi, amri hiyo inatunyima kitu kikubwa kuliko kamera yenyewe. Hebu nieleze.

Ilikwama siku tulipozuru Sagalla kuona uzio wa mizinga ya nyuki. Wasiojua ni kwamba wakulima wa huko, wakisaidiwa na watafiti wa shirika la Save the Elephants, huning'iniza mizinga kwenye waya kuzunguka shamba. Ndovu akija usiku na kuugusa waya, mizinga hutikisika, nyuki hutoka, naye mwenye pembe hutimua mbio kwa sababu, amini usiamini, ndovu huogopa nyuki. Basi mwenzetu mmoja aliinua kamera apige picha ya mzinga, ikalia krrr, krrr, ikapiga mlio mara tatu, ikazimika lenzi ikiwa wazi. Habari ya ziara ile mtaisoma ukurasa mwingine. Picha ya mzinga hamtaiona.

Sisi wanafunzi haturuhusiwi kuwa na simu shuleni, na sheria hiyo siipingi leo. Lakini maana yake ni kwamba kamera ya chama ndiyo jicho letu pekee. Walimu wetu hawatunyimi picha, nawashukuru, ila mtu hupiga picha ya kile anachokiona yeye. Mwalimu huona meza kuu, mgeni rasmi na kikombe cha ushindi. Nani atapiga picha ya wapishi wetu saa kumi alfajiri wakikoroga uji moshi ukiwafumba macho? Nani atapiga picha ya foleni ya bombani siku maji yanapokatika? Hayo ni maisha yetu, na miaka kumi ijayo hapatakuwa na mtu wa kuyaonyesha.

Tangu siku ile bweni limegawanyika makundi mawili. Wako wanaosema "usiguse", kwamba kitu cha umeme kikiharibika ni cha fundi, na fundi akishindwa kinunuliwe kingine. Wako pia mashujaa wetu wa "fungua", ambao wameshaazima bisibisi na wanangoja tu kabati lisahauliwe wazi. Mimi siko upande wowote kati ya hizo mbili, nanyi mkinivumilia nitawaambia kwa nini.

Kwanza tujue kilichokwama ni nini. Lenzi ya kuvuta, ambayo wengi twaiita "zumu", si kioo kimoja. Ni vioo kadhaa vilivyopangwa ndani ya mirija miwili au mitatu inayoingiliana, mmoja ndani ya mwenziwe, kama sufuria zinavyopangwa dukani. Kando yake kuna mota ndogo sana inayozungusha giya za plastiki. Giya nazo huuzungusha mrija uliochongwa mifuo ya mshazari. Vijipini vya mrija wa ndani hupita katika mifuo hiyo, kwa hiyo ule wa nje ukizunguka, wa ndani husukumwa mbele au kurudishwa nyuma. Kuna pia kihisi kinachoiarifu kamera lenzi imefika wapi. Mota ikiamrishwa kwenda na kihisi kisione kitu kikisogea, kamera hailazimishi. Hutoa mlio, huandika kwamba lenzi ina kasoro, kisha hujizima ili giya zisikatike meno. Kwa hivyo ndugu zangu, kule kujizima si kufa. Ni punda aliyekataa kwenda kwa sababu kuna jiwe kwatoni.

Na jiwe lenyewe ni nini? Mara nyingi ni chembe ya mchanga, kwani nafasi iliyo baina ya mirija ni nyembamba mno. Sasa lifikirieni vumbi letu la hapa Ndara. Ndovu wa Tsavo ni wa kijivu kama ndovu wengine wa Afrika, lakini watalii huwaita ndovu wekundu kwa sababu ya udongo huu huu wanaojimwagia. Vumbi linaloweza kumbadilisha ndovu rangi litashindwa na kamera inayoingia mfukoni? Sababu nyingine ni kuanguka, ambapo mrija huenda upande na vijipini vikatoka kwenye mifuo yake, au kamera kujiwasha ndani ya mkoba uliobana lenzi ikajaribu kutoka pasipo na nafasi. Na mara nyingine, msicheke, ni betri dhaifu tu iliyoishiwa nguvu lenzi ikiwa njiani.

Mambo haya sikuyaota. Nina mjomba mjini Voi ambaye hupiga picha za harusi na mahafali. Likizo ya Aprili kamera yake ndogo ilikwama vivyo hivyo. Fundi mmoja alimtajia bei ambayo ingetosha kununua nyingine ya mtumba. Mjomba akaguna, akarudi nayo nyumbani, akatandika kitambaa cheupe mezani, akaniita.

"Mpwa wangu, njoo ushike tochi. Na ukitaka kupiga chafya, toka nje."

Hakuanza na lenzi. Alianza na picha. Alitoa kadi akaiweka pembeni, kwani picha zimo kwenye kadi na wala hazidhuriki lenzi ikikwama. (Wangapi kati yetu walidhani picha zote za Sagalla zimepotea? Kadi ile ile ingeweza kusomwa kwenye kompyuta ya maktaba siku hiyo hiyo.) Kisha akaitoa betri, akaiacha kamera itulie, betri ikachajiwa hadi ikajaa. Akajaribu. Ikalia krrr, ikazima.

Ndipo akaigeuza lenzi ikatazama chini, ili chembe ikitoka ianguke isizidi kuingia. Akachukua kile kipulizio cha mpira cha kusafishia masikio ya watoto, kikavu kabisa, akapuliza polepole kuzunguka pale mirija inapokutana. Nilipouliza kwa nini asipulize kwa mdomo akanijibu kwamba pumzi ya mtu ina mate, na mate yakichanganyika na vumbi huwa udongo. Baadaye akakata ukanda mwembamba wa karatasi ngumu, akaupitisha taratibu katika ule mwanya, akazunguka pande zote. Karatasi ilitoka na mstari mwekundu. Akapuliza tena. Akaiwasha huku ameielekeza chini na kuigongagonga kidogo kwenye kiganja. Mara ya kwanza wapi. Mara ya pili ikasogea ikakwama. Mara ya nne ikaingia ndani kama kobe.

"Hii si uchawi," akaniambia, "na kesho yaweza kukataa. Giya ikiwa imevunjika, hata ukipuliza mpaka Krismasi haiendi."

Nilipenda kauli hiyo kwa kuwa haina majivuno. Alisema pia kwamba mrija ulioenda upande baada ya kuanguka unaweza kusukumwa kwa kidole upande ule uliojitokeza mpaka usikie "tik", bila kugusa kioo. Nilipotaja mafuta ya cherehani alinitazama kana kwamba nimetukana. Mafuta hukusanya vumbi zaidi, tena hutambaa hadi kwenye vioo na kwenye vile vibamba vyembamba vinavyofungua na kufunga mwanga, na hapo ndipo kamera huaga dunia.

Sasa niwageukie mashujaa wa bisibisi. Mtazamaji mmoja wa video amewaambia kwamba ni skrubu sita tu na kazi imekwisha. Mlichoficha, au hamkuambiwa, ni hiki: ndani ya kamera yenye taa ya mwako mna kapasita, nayo huhifadhi umeme wa volti zipatazo 300 kwa ajili ya taa hiyo. Kutoa betri hakuumalizi umeme ule. Unaweza kubaki humo kwa muda mrefu, na kidole kikigusa pasipofaa utapigwa shoti ya kukurusha kitini. Umeme wa nyumbani ni volti 240, nanyi mnajua unavyouma. Hilo peke yake latosha. Bado sijasema kuhusu tepe za nyaya nyembamba kama karatasi ambazo zikichanika hazishoneki. Kwa hiyo mpaka wangu mimi ni skrubu. Yote yanayofanyika bila kufungua skrubu, mwanafunzi na ayafanye. Skrubu ikianza kuzunguka, aitwe aliyesomea.

Lakini nikisema hivyo, kundi la "usiguse" lisidhani limeshinda. Hoja yao ni kwamba tutaiharibu zaidi. Kamera iliyofungiwa kabatini haitumiki, sasa kwa kupuliziwa hewa na kuchajiwa betri itaharibika zaidi kutoka wapi? Na hiyo habari ya kununua nyingine si rahisi kama mnavyodhani. Mwaka 2010 viwanda vya kamera viliuza zaidi ya kamera milioni 120 za dijitali duniani. Kufikia mwaka 2023 zilikuwa chini ya milioni 10, kwa sababu simu zimechukua kazi, na kamera ndogo ndizo zilizopungua zaidi. Aina nyingi za zamani hazitengenezwi tena na vipuri vyake ni adimu. Hii tuliyo nayo ikitupwa huenda tusipate mfano wake, na itakwenda kuongeza lundo la takataka za umeme ambazo sheria ya Kenya ya mwaka 2022 kuhusu usimamizi wa taka inatutaka tuzipunguze.

Halafu kuna kinaya kinachonichekesha na kunisikitisha kwa pamoja. Katika somo la Fizikia la Kidato cha Nne tunafundishwa lenzi nyembamba, na kamera ni mojawapo ya mifano. Tunachora miale, tunakokotoa umbali wa taswira, tunapata alama zetu. Kisha lenzi halisi ikikwama hatua chache kutoka darasani, tunaambiwa tukae mbali nayo. Kwani tulikuwa tunasomea nini?

Marehemu Mohamed Amin, yule mpiga picha Mkenya ambaye filamu zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliishtua dunia nzima, alipoteza mkono wa kushoto katika mlipuko mjini Addis Ababa mwaka 1991. Alirudi kazini na mkono wa bandia, akaendelea kupiga picha hadi alipofariki katika ajali ya ndege iliyotekwa nyara mwaka 1996. Siwafananishi ninyi naye, wala simlinganishi mjomba. Ninachosema ni kwamba mwenye haja ya picha hutafuta njia ya kurudi kazini.

Najua walimu wana wasiwasi wao, na sehemu moja wamesema kweli: kamera ile ilishikwa ovyo. Ilibebwa mikononi kwenye gari lililofunguliwa madirisha yote, kutoka lami hadi barabara ya vumbi. Kwa hiyo napendekeza ikae ndani ya mfuko wa plastiki unaofungika, ndani ya mkoba wake, itolewe tu wakati wa kupiga picha. Isiwashwe upepo ukivuma. Isiwekwe kifuniko chini mchangani. Na awepo mwanachama mmoja mwenye kuweka sahihi kila inapotoka na kila inaporudi, ili lawama isiwe ya kila mtu, maana lawama ya kila mtu huwa haina mwenyewe.

Kwa heshima zote namwomba Mwalimu mlezi wa chama aliweke jambo hili katika ajenda ya mkutano wa kwanza wa muhula ujao. Kamera iletwe mezani mbele ya wanachama wote, betri ikiwa imechajiwa tangu jana yake, na mwalimu wa Fizikia akikubali aketi nasi. Kipulizio cha mpira nitakuja nacho mimi kutoka nyumbani. Bisibisi zibaki bwenini.