Miguu ya Kupanda na Miguu ya Kushuka

Wapanda baiskeli wenzangu, ambao nawaheshimu kwa ghera yao, wana itikadi moja ambayo nami kwa miaka mingi niliishika kama mtu aishikavyo mila ya babu zake: kwamba mwenye kukanyaga pedali kila siku hana haja ya kunyanyua vyuma, maadamu baiskeli yenyewe ni mwalimu tosha wa miguu. Rai yangu ni kwamba itikadi hiyo ni nusu ya kweli, na nusu iliyosalia ndiyo ituleteayo madhila.

Nusu hiyo niliitambua ngazini. Nilikuwa nimepandisha kutoka Mombo hadi Lushoto, njia ya kilomita 33 iinukayo karibu mita 1,000 kwa kupitia Soni, nami nikarejea nimejaa ghururi kwa kuwa sikutia mguu chini hata mara moja; juma moja baadaye, nikiwa nimekwisha pumzika vya kutosha, niliombwa kuteremsha gunia la mchele kutoka ghorofa ya tatu, na kabla sijaifikia ya pili mapaja yalitetemeka kama jani la mgomba penye upepo, hata jirani akanipokea mzigo kwa huruma ambayo sikuipenda.

Sababu yake ni dhahiri kwa mwenye kuitafakari. Paja la mpanda baiskeli husukuma na kuachia, husukuma na kuachia, maelfu ya mara kwa saa, lakini nadra sana kutakiwa kuuzuia mzigo huku likirefuka, na kuzuia huko ndiko kazi yenyewe ya kushuka ngazi. Mteremkoni, ambapo mwenda kwa miguu huumwa magoti, mpanda baiskeli hukaa akala upepo. Mifupa nayo imo katika dhuluma hiyo hiyo, kwa maana siti hubeba uzito ambao mifupa ingestahili kuubeba, na mabingwa wa siha wamekwisha kuona waendesha baiskeli wa mashindano, watu wenye mapafu ya ajabu, wakiwa na mifupa ya kiuno dhaifu kuliko ilivyotarajiwa kwa umri wao.

Basi nikaenda kwenye banda la vyuma la mtaani, lile ambalo vyuma vyake aghalabu ni makopo ya rangi yaliyojazwa saruji na kuunganishwa kwa bomba la maji. “Shikamoo babu, anza na bomba tupu,” aliniambia kijana mwenye banda. Nikamwitikia marahaba, nisimsikilize. Nilichuchumaa na kuinuka na makopo mabegani mara nyingi kuliko nilivyoweza kuhesabu, na alfajiri yake nikapanda baiskeli kama ada yangu. Miguu ilikuwa magogo, na kwa siku tatu nilikwenda msalani kwa kushika ukuta.

Kosa la kuvipakia vyote kwa pamoja si geni. Mwaka 1980 Mmarekani Robert Hickson alichapisha habari za watu aliowazoeza kwa majuma 10, baadhi kwa vyuma peke yake, baadhi kwa mbio na baiskeli, na baadhi kwa yote mawili karibu kila siku. Hawa wa mwisho nguvu zao zilipanda mwanzoni kama za wenzao wa vyuma, kisha majuma ya mwisho zikaanza kurudi nyuma. Wako walioichukua habari hiyo kama fatwa ya kuharamisha vyuma kwa wapanda baiskeli, nami naona wameisoma kwa pupa, kwa kuwa kilichowaponza wale ni wingi zaidi kuliko mchanganyiko. Huko Norwei, Bent Rønnestad na wenziwe waliwapa waendesha baiskeli hodari vyuma vizito siku 2 tu kwa juma, kwa majuma 12, nao wakazidi nguvu na mwendo pia; na ulipofika msimu wa mashindano, siku 1 kwa juma ilitosha kuyahifadhi waliyoyachuma.

Kiasi, hata hivyo, hakifanani kwa wote. Robert Förstemann, Mjerumani wa mbio fupi za uwanjani, alijenga mapaja ya kustaajabisha, kwa kuwa kazi yake huisha kabla ya dakika kutimia. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyeshinda Tour de France mara 4, alikuwa na miguu myembamba kama fito, kwa kuwa kila ratili isiyo na kazi hulipiwa mlimani. Kijana atamaniye milima huku akiiga mapaja ya yule wa kwanza, ati picha zake zavutia, anajitafutia mzigo wa kuupandisha Soni.

Mimi sishindani na mtu, na shauri hili nimeyaachia majira. Masika, njia zinapokuwa tope, nashika vyuma Jumatatu na Alhamisi, mara chache na uzito wa haja, kisha napanda na kushuka benchi kwa mguu mmoja mmoja, maana baiskeli huuficha mguu mvivu nyuma ya mwenziwe. Kipupwe kikiingia, safari ndefu huchukua Jumamosi, na vyuma hubaki Jumatano peke yake. Kijana wa banda sasa hunipangia makopo mwenyewe, ila hajaacha kunikaripia, kwa adabu, kwamba nashuka kwa haraka: “Babu, hesabu tatu ukienda chini.” Nami huhesabu.